Koo la Besi

Karatasi ya maelekezo iliyokuja na sabufa ya shemeji yangu ina ukurasa mmoja wa Kiswahili, na katika ukurasa huo kuna onyo: "Usizibe bandari ya besi." Alinipigia simu kuniuliza maana yake, kwa sababu sabufa ilikuwa imeanza kumchosha. Mlio, alisema, ni mwembamba, haufanani kabisa na ule aliousikia dukani. Nikamwuliza lile tundu la duara lililo nyuma ya boksi amelifanyaje. "Lile nimelisokomeza kitambaa, shemeji. Mende walikuwa wameanza kuhamia mle."

Siwezi kumlaumu. Onyo lilikuwepo, ila neno lililobebeshwa onyo halikumfikishia kitu. Bandari ni Tanga, ni Mtwara, ni Mombasa. Ni mahali meli hufunga gati. Kiingereza kina maneno mawili yanayoandikwa na kutamkwa sawasawa: moja lina asili ya Kilatini *portus*, yaani bandari, na jingine lina asili ya *porta*, yaani lango. Tundu la spika ni la ukoo wa lango. Aliyetafsiri karatasi ile, mtu au mashine, alichukua maana ya kwanza akaenda nayo.

Lakini hata "lango la besi" lisingemsaidia sana. Lango hufunguliwa ili kitu kipite, na hivyo ndivyo watu wengi wanavyolidhani tundu hili: kwamba besi imejaa ndani ya boksi na inahitaji mahali pa kutokea. Fundi mmoja wa Kariakoo, ambaye mikono yake naiheshimu sana, aliwahi kuniambia kuwa boksi lisilo na tundu limebanwa pumzi. Kwa hiyo yeye hutoboa, na tundu likizidi ukubwa huona heri, pumzi itatoka vizuri zaidi. Boksi nyingi za spika zinajengwa kwa fikra hiyo, na nyingi zinapoteza besi kwa sababu hiyohiyo. Tatizo la fikra hiyo linaanzia kwenye jina. Ukiita kitu tundu, umesema kwamba pale hakuna kitu. Kumbe kinachofanya kazi ni kile kilichomo ndani ya tundu.

Chukua chupa tupu ya soda, weka mdomo wa chini kwenye ukingo wake, puliza taratibu. Inavuma. Kila mtoto aliyewahi kukaa na chupa tupu mkononi anaujua mvumo huo. Mwanasayansi wa Ujerumani Hermann von Helmholtz aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1863 kuhusu hisia za sauti, na vyombo alivyovitumia, matufe matupu yenye shingo fupi, bado vinaitwa kwa jina lake. Maelezo yenyewe yanaweza kushikwa kwa mkono. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, sukuma mpini, kisha uuachie: unarudi wenyewe. Hewa iliyofungiwa ni springi. Hewa iliyo tumboni mwa chupa ni springi ya namna hiyo, na hewa iliyo shingoni ni kama kizibo, kipande kizima chenye uzito wake, kinachoning'inia kwenye springi hiyo. Kisukume kidogo, kitaenda na kurudi, kitaenda na kurudi, kwa mwendo wake maalumu usiobadilika. Mwendo huo ndio sauti unayoisikia. Tia maji, tumbo linapungua, springi inakaza, sauti inapanda.

Boksi la spika lenye tundu ni chupa hiyo, ila badala ya kupulizwa mdomoni linasukumwa kutoka tumboni na kiwambo cha spika, ile sehemu yake inayocheza mbele na nyuma.

Tuchukue boksi la lita 50, plaiwudi ya milimita 18, na bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 10 lililokatwa urefu wa sentimita 15. Hesabu ya Helmholtz inatoa mvumo wa karibu hezi 46, yaani kwenda na kurudi mara 46 kwa sekunde. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hupigwa karibu na hezi 41, kwa hiyo boksi hili linakaribia chini kabisa ya muziki wa dansi. Sasa lipunguze bomba kwa sentimita tano tu. Mvumo unapanda hadi 52. Ling'oe kabisa, ubaki na tundu tupu la upana uleule kwenye ubao: karibu 67. Hapo gitaa la besi limepoteza sehemu kubwa ya ghorofa yake ya chini, na hakuna aliyegusa spika wala amplifaya. Kilichopungua ni uzito wa hewa iliyokuwa ndani ya bomba. Nimeupiga hesabu uzito huo, na kila mara unanishangaza: pamoja na hewa kidogo ya nje inayoburutwa kwenye ncha zote mbili, ni kama gramu mbili. Nusu ya kijiko cha chai cha sukari, ndiyo inayotikisa mabati ya ukumbi wa harusi.

Kwa nini basi hewa hiyo ihitajike? Kiwambo kinapokwenda mbele kinabana hewa ya mbele, na papo hapo kinaacha upungufu nyuma yake. Sauti mbili, moja kinyume cha nyingine. Kwa sauti nyembamba hilo halina madhara makubwa, lakini wimbi la hezi 46 lina urefu unaozidi mita saba, na boksi kwake ni kama jiwe dogo mtoni, linalizunguka. Sauti ya nyuma hukutana na ya mbele, zikauana. Ndiyo sababu spika iliyo wazi, bila boksi, haina besi. Dawa ya kwanza ni kuifungia ile ya nyuma ndani ya boksi lililozibwa pande zote. Ni dawa nzuri, ila nusu ya kazi ya kiwambo inafia gizani.

Albert Thuras, aliyekuwa maabara za Bell huko Marekani, aliomba hataza ya dawa nyingine mwaka 1930, akaipata 1932. Alifungua njia kutoka ndani ya boksi na kuipima kwa namna ambayo hewa ya njia hiyo huchelewa. Neno la kushika hapa ni kuchelewa. Kile kizibo cha hewa kina uzito, hakitii mara moja. Juu kidogo ya mvumo wake, kuchelewa kwake kunatosha kuigeuza sauti ya nyuma, hata hewa ya bomba ikawa inatoka nje wakati uleule kiwambo nacho kinapotoka nje. Maadui wawili wanasukuma upande mmoja.

Na kwenye mvumo wenyewe kuna jambo ambalo ningependa kila anayenunua spika alione walau mara moja. Weka kwenye simu programu inayotoa sauti ya hezi moja moja, iunganishe na spika, uishushe taratibu kutoka 100 kwenda chini huku ukitazama kiwambo. Kinacheza, kinazidi kucheza, halafu ghafla kinatulia, karibu kimesimama, ilhali chumba kinatetema kuliko awali. Peleka kipande cha karatasi nyepesi kwenye mdomo wa bomba, kitapepea kama bendera. Spika haiimbi tena kwa kiwambo. Kiwambo kinasukuma kidogo sana, kama mtu anayesukuma bembea kwa kidole kwa kuwa amepatia wakati wake, na hewa ya bomba ndiyo inayoimba.

Shuka chini zaidi na neema inageuka. Sasa mwendo ni wa polepole mno, kizibo hakichelewi tena, kinafuata tu: kiwambo kikiingia ndani, hewa ya bomba inatoka nje, na sauti mbili zinauana upya. Boksi lililozibwa hupoteza desibeli 12 kwa kila oktava chini ya kikomo chake; hili hupoteza 24. Tena kiwambo kimekosa springi ya kukizuia, kinarukaruka mpaka koili yake inagonga chuma. Spika nyingi zinazoletwa kwa mafundi zikiwa zimechanika zimeumia hivyo, kwa kuongezewa besi kwenye amplifaya chini ya mvumo wa boksi lao.

Kwa miaka mingi boksi za namna hii zilipimwa kwa kubahatisha. Hesabu kamili iliandikwa na mhandisi wa Australia, Neville Thiele, mwaka 1961, ikachapishwa nchini kwake na wachache wakaijali, hadi ilipochapishwa tena Marekani 1971. Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney aliiendeleza, na leo namba zinazochapwa kwenye karatasi ya spika yoyote ya maana huitwa kwa majina yao wawili.

Turudi kwenye jina. Kiswahili hakikuwa maskini kilipokutana na spika. Kile ninachokiita kiwambo kimetoka kwa waamba ngoma: kuwamba ni kuivuta ngozi juu ya mzinga mpaka ikaze. Aliyelichagua neno hilo alitazama kazi ya kitu kwanza, na neno likakaa. Tundu hili linastahili uangalifu uleule.

"Bomba" linataja kifaa, lakini boksi nyingi hazina bomba. Zina mwanya mrefu uliopitishwa kati ya mbao mbili chini ya spika, na unafanya kazi ileile. "Shingo" ni neno zuri, na wapo watakaolipendelea kwa sababu chupa na mtungi tayari vina shingo. Nililitumia mwenyewe kwa muda. Kinachonizuia ni kwamba shingo huonekana kwa nje, ni umbo, na hapa umbo limefichwa ndani ya boksi.

Ninasema "koo". Koo ni njia iliyo ndani, ina upana na ina urefu, na vyote viwili vina maana. Sauti ya binadamu huanzia kwenye nyuzi ndogo za zoloto, kisha koo na kinywa huichagulia kipi kivume na kipi kififie. Kiwambo na koo la boksi wamegawana kazi karibu hivyohivyo. Na neno hili linajaribika kwa watoto wake. Hewa ikipita kwa kasi kubwa katika bomba jembamba hutoa mkwaruzo wa upepo, kasoro ambayo wahandisi huiondoa kwa kupanua ncha za bomba zikawa kama tarumbeta. Kwa istilahi hii, koo linakoroma, na dawa ni kulipanulia mdomo. Boksi zenyewe zinakuwa za aina mbili: boksi la koo na boksi la kuziba. Fundi anayekata bomba kwa kipimo anarefusha au anafupisha koo. "Tundu" sijalifukuza, libaki kuwa jina la duara lile linaloonekana kwa nje, kama vile kinywa hakifukuzwi na koo.

Wapo waliojaribu kufasiri jina la kibiashara lililoenezwa na kampuni ya Jensen katika miaka ya 1930, wakapata "besi rejea" au "besi rejeshi". Mimi siyapendi. Anayeyasikia atatafuta kinachorejea, na hatakiona. Atabaki na fumbo mahali pa maelezo. Istilahi ya fundi inatakiwa imwambie ashike nini na asikate nini.

Nilimweleza shemeji sehemu ndogo ya haya, ile ya chupa ya soda. Nikamwambia boksi lake lina koo, na koo limezibwa. Hakuniuliza tena. "Ngoja," akasema, nikasikia akiburuta boksi sakafuni na kuvuta kitambaa. Nikamshauri mende awazuie kwa kipande cha wavu ambao hewa inapita kwa urahisi lakini mende hapiti, akibane ndani. Kisha akawasha muziki. Simu ya kawaida hukata sauti zilizo chini ya hezi 300 hivi, kwa hiyo besi yenyewe sikuisikia hata kidogo. Nilisikia vikombe vikigongana kabatini, na sauti ya dada yangu kutoka jikoni ikimwita kwa jina lake lote.