Kompyuta Ilivyopandia Mgongo wa Korosho

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali hiyohiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje, baada ya mpango wa kuweka hesabu zake kwa mashine kuvurugika na kumeza fedha nyingi. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo, na sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ikatoka 2003, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, si sera iliyobadili biashara ndogo za Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Ni korosho.

Msimu wa 2007/08 Mtwara ilianza mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, karani hupima kwa mzani na kuandika stakabadhi, mzigo huenda ghala kuu kusubiri mnada, fedha hupitia benki. Nia ilikuwa kumwokoa mkulima na kangomba, yule mnunuzi anayemjia mwenye shida kabla ya msimu na kumpa bei ya kutupa. Lakini kati ya mzani na malipo palikuwa na karatasi nyingi. Tarakimu moja ikikosewa, mtu anazungushwa huku ada ya mtoto inadaiwa. Na anayesubiri sana humrudia kangomba.

Wakati mkulima akisubiri hivyo fedha zake, mwaka 2008 M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ikaingia Tanzania. Mwenye duka la sukari na sabuni akawa wakala, akiwa na simu ya vitufe na daftari la miamala. Hakuna aliyemlazimisha: kamisheni aliiona mwenyewe. Mashine za EFD, za kutolea risiti za kodi, zilizoanza 2010, zilipokewa tofauti kabisa. Wafanyabiashara wadogo walipotakiwa kuzinunua, mwaka 2013 baadhi ya miji ilishuhudia maduka yakifungwa kwa kulalamikia bei yake. Zote mbili ni teknolojia. Moja ilimwingizia mtu fedha, nyingine ilianza kwa kumtoa fedha mfukoni. Wapanga mipango wetu wangezingatia tofauti hiyo, wangeokoa miaka.

Siku hizi wakulima wa korosho husajiliwa kwa mfumo wa kidijitali ili wapate salfa ya ruzuku ya kupulizia mikorosho, na Oktoba 2024 minada ilianza kuendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Katika minada ya mwanzo bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo.

Kilichobaki ni mzani. Bei ya mnada huonekana kwenye skrini, lakini kilo za mkulima huanzia kwa karani. Vyama vya msingi vimpe kila mkulima ujumbe wa simu wenye kilo zake kabla hajaondoka mzanini. Nanyi wakulima, ulizieni hilo kwenye mkutano mkuu wa chama, kabla msimu haujafunguliwa.