Kukata na Kuunga: Historia Fupi ya Uhariri wa Filamu na Istilahi Zake

Katika kazi ya kusanifu istilahi, yako maneno yanayofika mezani yakiwa yamebeba mabishano ya zamani. Mojawapo ni neno la kutaja kazi ya mtu anayepokea picha zilizokwisha kupigwa, akazikata, akazipanga, na kuziunga hata zikawa filamu moja. Neno lililozoeleka ni uhariri. Tumeliazima kutoka magazetini, na huko maana inayotangulia katika fikra za wengi ni kusahihisha, yaani kuondoa makosa, kufupisha na kusafisha maandishi ya mtu mwingine. Tukilichukua neno hilo na maana yake hiyo, tutakuwa tumemwambia mwanafunzi kwamba filamu hukamilika inapopigwa, na kwamba mhariri ni mfagiaji tu.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Tutafuata historia ya kazi hiyo katika nchi yetu, na mifano yetu mingi tutaichukua Uru, katika miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Tutaona kwamba kukata na kuunga picha ndiko kusimulia kwenyewe, na kwamba palikuwa na wakati ambapo watu wetu walinyimwa usimulizi huo kwa hoja kwamba hawangeuelewa.

Asili ya kazi

Filamu za kwanza kabisa, mwishoni mwa karne ya 19, hazikuwa na mikato. Kamera iliwekwa mahali pamoja, ikapiga picha mpaka utepe ukaisha. Ilichukua miaka mingi kabla watengenezaji wa Ulaya na Marekani hawajazoea kukata tukio moja na kuliunga na jingine. Watazamaji wao nao walijifunza pole pole. Jambo hili lafaa kukumbukwa: mkato ulikuwa mgeni kwa kila mtu duniani.

Baada ya mapinduzi ya 1917, Mrusi Lev Kuleshov alifanya jaribio lililopata sifa. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso usioonyesha furaha wala huzuni, akaiunga mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na picha ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, majonzi na mapenzi, ilhali uso ulikuwa ule ule. Na tuulete mfano huo nyumbani. Tuchukue uso wa mama mmoja wa Uru aliyesimama mlangoni. Tukiuunga na kaburi jipya chini ya migomba, tunamwona mjane. Tukiuunga na kijana anayepanda njia na begi mgongoni, tunamwona mzazi anayempokea mwanawe. Mama hakubadilika, maana imezaliwa pale vipande viwili vilipokutana. Hakuna kosa lililosahihishwa hapo.

Filamu za Vugiri

Katika Tanganyika, kazi hii ilianza kufanywa kwa mpango maalumu kati ya 1935 na 1937 huko Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe. Mpango huo, uliojulikana kwa kifupi kama Bekefilm, ulipata fedha kutoka Shirika la Carnegie la New York, na viongozi wake wakuu walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu fupi zaidi ya 30, zikahusu afya, mifugo, kodi, akiba na kilimo. Mojawapo ilieleza ukulima wa kahawa chini ya kivuli cha migomba, ukulima ambao watu wa Uru na Wachagga kwa jumla wanaufahamu vizuri. Kisha zilichukuliwa kwa gari zikaonyeshwa katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Maneno hayakuandikwa kwenye utepe wa picha. Yalirekodiwa katika sahani za santuri, ili filamu moja iweze kusemwa kwa lugha mbalimbali. Hapo ndipo mfasiri na mhariri walipokutana kwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Kipande cha picha kina urefu wake, na sentensi ya Kiswahili ina urefu wake. Kipande kikiisha kabla ya sentensi, mtazamaji humwona ng'ombe huku akisikia habari za kibuyu. Wafasiri wanaoandika maneno ya filamu leo wanapambana na taabu ile ile.

Kanuni zilizotoka London

Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni, na mkuu wake akawa William Sellers, aliyekuwa ametengeneza filamu za afya nchini Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu kama Mzungu. Kwa hiyo aliweka kanuni: mwendo uwe wa pole pole, kila kipande kiwe kirefu, mbinu za kamera zipigwe marufuku, hadithi iwe moja na iende moja kwa moja, pasiwe na kuruka kutoka mahali hadi mahali pasipo kuonyesha njia.

Tufikirie kanuni hizo zingefanya nini na hadithi ya kahawa ya Uru. Mkulima anachuma buni kihambani. Picha ifuatayo yaonyesha magunia katika ghala la chama kikuu cha ushirika mjini Moshi, yaani K.N.C.U., kilichoundwa 1933. Kwa kanuni za Sellers mkato huo haufai. Yapasa kuonyesha kumenya, kuosha, kuanika, kubeba, kupima, na lori likiteremka mlima. Kwa filamu ya kufundisha ukulima, hatua hizo ni halali kabisa, na hatuna ugomvi nazo. Lakini kama hadithi ni ya mjane anayengoja malipo ya kahawa ili mwanawe arudi shule, basi hatua hizo zote zinamzika mjane. Linalotakiwa hapo ni uso wake, mizani, na tena uso wake. Aliyenyimwa mkato amenyimwa hadithi ya mjane na kubakiziwa somo la kahawa.

Kanuni hizo hazikudumu bila kupingwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, Peter Morton-Williams alichunguza watazamaji wa vijijini nchini Nigeria. Ilidhihirika kwamba kuelewa au kutoelewa kulitegemea zaidi kama mambo yanayoonyeshwa yanahusiana na maisha ya watazamaji, wala si kama mikato ni mingi au michache.

Msimulizi wa jikoni

Lakini sisi tungeweza kulijua hilo bila uchunguzi, kwa kuketi kando ya mafiga na kumsikiliza bibi akitoa hadithi. Bibi husema, "Tumwache sungura shimoni, tumwendee fisi." Huo ni mkato, tena wa kupokezana matukio mawili ya wakati mmoja. Husema, "Kumbe kabla ya hayo," akaturudisha nyuma. Husema, "Akaenda, akaenda, akaenda," akairefusha njia pale tu anapotaka tuchoke pamoja na msafiri. Asipotaka tuchoke, huiruka njia yote kwa neno moja.

Sarufi yetu nayo inashuhudia. Tukisema, "Akaamka, akanawa, akashuka Moshi, akauza, akarudi," tumeunga matukio matano kwa kiambishi -ka-, na nusu siku ya kutembea haikutajwa. Hakuna mtoto wa Uru wala wa Unguja anayeuliza njia ilikwenda wapi. Watu wenye lugha inayokata namna hiyo hawakuhitaji kulindwa dhidi ya mikato.

Baada ya Uhuru tulipata vyombo vyetu wenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa 1968, na baadaye zikaja filamu kama Arusi ya Mariamu ya 1985. Kisha zikaja kanda za video, na vijijini yakajengwa mabanda ya kuzionyeshea. Sisi wenyewe utotoni tuliketi katika banda la namna hiyo, juu ya mabenchi ya mbao, tukitazama filamu za Kihindi na za Kimarekani huku sauti ya mfasiri ikisikika juu ya picha. Picha ilipokatwa kutoka kwa shujaa hadi kwa adui, mfasiri alisema: "Tumwache huyu, tuone kule." Hakuwa amesoma uhariri mahali popote. Alikuwa amemsikia bibi.

Istilahi

Kutokana na hayo, twapendekeza neno uhariri libaki kwa kazi nzima, kwa kuwa limekwisha enea na mhariri anafahamika. Lakini ndani yake yatajwe mambo yafuatayo bila kuchanganywa.

Kipande: picha iliyopigwa mfululizo bila kamera kusimamishwa.

Mkato: mahali kipande kimoja kinapokoma na kingine kuanza papo hapo.

Uungaji: kazi ya kuchagua na kupanga vipande ili maana izaliwe kutokana na kukutana kwao.

Upokezano: uungaji wa matukio mawili ya wakati mmoja yanayotokea mahali mbalimbali.

Mfifio: picha kufifia pole pole mpaka giza, au kutoka gizani.

Kisengerenyuma: kurudi katika jambo lililopita. Neno hili walimu wa fasihi wanalo tayari, wala hapana haja ya kuunda jingine.

Neno tunalolipigania hasa ni uungaji. Zamani fundi alikata utepe kwa kisu na kuuunga kwa gundi. Leo hukata na kubandika katika kompyuta bila kugusa kitu. Chombo kimebadilika, kazi haikubadilika. Mwalimu atakayewafundisha vijana kwamba uhariri ni kuondoa vipande vibaya atapata mafundi wa kufuta. Atakayewafundisha kwamba ni kuunga, atapata wasimulizi.

Wasomaji wenye maoni, hasa wafasiri wa filamu na walimu, wanaombwa watuletee, pamoja na maneno yanayotumiwa na mafundi wa sehemu zao, ili yapimwe kabla ya mapendekezo haya kufikishwa mbele ya kamati.