Thabeet, namba 2 ya mwaka 2009, na swali la baba mdogo

Nimepotea kidogo, naomba radhi. Test zilinibana, na mwezi mzima nilikuwa naogopa kudisko kuliko ninavyoogopa njaa. Leo nimekaa zangu kimbwetani, na siandiki mambo ya bumu wala foleni ya chakula. Leo ni historia, maana ndiyo niliyokuja kuisoma hapa chuoni, na kuna mtu ananidai jibu.

Anayenidai ni baba mdogo. Mwanawe yuko kidato cha tano, ana futi 6 na inchi 7, na mtaani kwetu jina lake halisi lilishasahaulika. Wanamwita Thabeet. Sasa kuna bwana mmoja anayejiita wakala, amemwambia baba mdogo kwamba dogo akipelekwa Marekani kusoma na kucheza kikapu, NBA ni suala la muda tu. Ila gharama za mwanzo zitoke nyumbani. Baba mdogo ana kiwanja kimoja, hana kingine. Jumapili akaniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, wewe si ndiyo msomi wetu wa historia? Hebu tuambie, huyu atafika au hatafika?"

Nilimwomba wiki moja. Hiki ndicho nilichokipata.

Tuanze na Thabeet mwenyewe, yule wa kweli. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam, Februari 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15. Akapita Makongo, akaenda kumalizia sekondari Houston kule Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kocha Jim Calhoun. Futi 7 na inchi 3, jamani. Msimu wa 2008/09, ambao ulikuwa wake wa mwisho pale, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa kila mchezo. Timu yao ikafika nusu fainali ya vyuo vya Marekani nzima.

Tarehe 25 Juni 2009 ikawa drafti. Kwa wasiofuatilia, drafti ni siku ambayo timu za NBA zinapeana zamu kuchagua vijana wapya, na wengi wao hutoka vyuoni. Wa kwanza akachukuliwa Blake Griffin. Wa pili, Memphis Grizzlies wakamchukua Thabeet. Mtanzania wa kwanza kufika NBA, na kafika kwa mlango wa mbele.

Sasa angalia waliomfuata. Wa tatu alikuwa James Harden, ambaye mwaka 2018 alikuwa mchezaji bora wa ligi. Wa saba alikuwa Stephen Curry, mchezaji bora mwaka 2015 na 2016, bingwa mara nne. Thabeet? Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, aliteremshwa ligi ndogo. Hadi siku hiyo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko. Akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikaisha. Michezo 224, wastani wa pointi 2.2.

Vijiweni jibu lake ni jepesi: Memphis walikuwa vipofu. Mimi nakataa. Kosa la kwanza tunaloonywa darasani ni kusoma historia kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ukishajua Curry alikuja kuwa nani, kila kitu kinaonekana wazi. Jiweke Juni 2009. Upande mmoja una mtu wa futi 7 na inchi 3 ambaye kwa miaka mitatu ya chuo alizuia mitupo 417. Upande wa pili una kijana mwembamba kutoka Davidson, chuo kidogo kule North Carolina. Wewe ungemchukua nani? Halafu Memphis nafasi za walinzi walikuwa na watu, O.J. Mayo na Mike Conley.

Na tusisahau picha iliyokuwa kichwani mwa watu. Mwafrika mrefu anayezuia mitupo maana yake ilikuwa Dikembe Mutombo. Mkongo huyu wa futi 7 na inchi 2 alitoka chuo cha Georgetown, akachaguliwa wa nne mwaka 1991, na alikuwa mlinzi bora wa ligi mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Sisi wenyewe huku tulikuwa tunasema tumepata Mutombo wetu.

Hapa ndipo nilipokuta jambo ambalo sikulitegemea. Msimu wa 2001/02 NBA walileta sheria mpya: anayelinda haruhusiwi kukaa eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde 3 kama hamkabi mtu kwa karibu. Angalia tarehe vizuri. Tuzo zote nne za Mutombo zilipatikana kabla ya sheria hiyo. Na kwenye mpira wa vyuo sheria hiyo haikuwepo. Kwa hiyo Connecticut waliweza kumwambia Thabeet, wewe simama hapa chini ya kikapu, anayekuja mfute. NBA kazi hiyo hiyo unatakiwa uifanye ukiwa unaingia na kutoka, unakimbizana na watu, unarudi kwa wakati. Tena kule mstari wa pointi tatu uko futi 23 na inchi 9 ukiwa katikati, wakati vyuoni mwaka ule ulikuwa futi 20 na inchi 9. Uwanja wa kulinda unapanuka. Takwimu zake za chuo zilikuwa za kweli kabisa, ila zilipatikana kwa sheria nyingine.

Dalili ya pili ilionekana tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22. Connecticut walikuwa namba moja Marekani nzima, wakacheza na Pittsburgh. Pittsburgh walikuwa na DeJuan Blair, futi 6 na inchi 7, mfupi kwa Thabeet kwa inchi 8, lakini mzito na mwenye nguvu. Wakigombea mpira, Blair akamrusha Thabeet juu ya bega mpaka chini. Mchezo ukaisha Blair ana pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet pointi 5, ribaundi 4. Siku moja haimhukumu mtu, sawa. Ila siku hiyo urefu ulikutana na nguvu, na ikabidi kitu kingine kitoke, mguu, mkono au akili. Hakikutoka.

Utaniambia basi alichelewa kuanza, miaka 15 ni mingi. Hapana. Hakeem Olajuwon wa Lagos naye alianza kikapu akiwa na miaka 15. Akachaguliwa wa kwanza mwaka 1984, na ndiye anayeongoza kwa mitupo iliyozuiwa katika historia ya NBA, 3,830. Tofauti iko wapi? Olajuwon alitoka kwenye soka na mpira wa mikono, kwa hiyo miguu ilikuwa tayari inajua kucheza. Halafu akiwa Chuo Kikuu cha Houston, likizo zake alizitumia kupambana na Moses Malone, mtu mzima, nyota wa NBA, ambaye alikuwa anamsukuma mpaka ajifunze. Na Mutombo kule Georgetown mazoezini alikutana na Alonzo Mourning. Hawa walizoea kuzidiwa kabla hawajalipwa hata senti.

Na Curry je, wa chuo kidogo? Twende hivyo hivyo, tuulize alicheza na nani. Mwaka 2008 kwenye mashindano ya taifa ya vyuo aliifunga Gonzaga pointi 40, Georgetown 30, Wisconsin 33, na Davidson wakatolewa na Kansas kwa pointi mbili tu. Vyuo vikubwa vilimkaba, na mtupo wake bado ukaingia. Taarifa hiyo ilikuwepo wazi mwaka mzima kabla ya drafti.

Kwa hiyo nimefika hapa, wadau. Swali la "ana nini" halitoshi. La kuuliza ni kwamba siku atakapokutana na watu wenye hicho hicho, atabaki na nini? Thabeet alipofika NBA urefu haukuwa tena ajabu kama chuoni. Hata Blair, aliyemrusha, nguvu zake hazikuwa ajabu tena. Alichaguliwa wa 37, magoti yake yalitia watu hofu, na mwaka 2016 akawa ameshatoka NBA. Na hapo bado bahati ya unapoangukia. Memphis senta wao alikuwa Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alikuja kuwa mlinzi bora wa ligi. Dakika za kujifunzia Thabeet angezitoa wapi?

Nisieleweke vibaya. Kaka yetu huyu hakushindwa maisha. Misimu mitano NBA, halafu Japani na Taiwan, ni kazi ambayo mamilioni wanaiota. Ile namba 2 aliandikiwa na watu wazima wenye kompyuta na wasaka vipaji wa kulipwa, halafu lawama akabeba yeye. Hata mwaka 1984 Portland walimchukua Sam Bowie wa pili, mguu wake ulishawahi kumweka nje misimu miwili chuoni, wakamwacha Michael Jordan aende wa tatu. Kama hao wanakosea, bwana wakala wa mtaani kwetu anaona nini ambacho wao hawakioni?

Alhamisi nikamwita dogo, akaja hapa hapa kimbwetani. Nikamuuliza, "Ukikutana na mtu wa urefu wako, mzito kuliko wewe, anakusukuma mgongo, unafanyaje?"

Akafikiri. "Kaka, kusema ukweli sijawahi kukutana naye."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Mimi nikinyoosha mkono tu inatosha."

Nikamuuliza kama angependa kukutana naye. Hapo ndipo macho yalipowaka. Akaniambia kuna mazoezi ya watu wazima jioni, wale wa timu za mkoa, ila anaogopa watamcheka, maana hajui kudunda kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia aende akachekwe.

Jumapili nikarudi kwa baba mdogo. Shikamoo, marahaba, chai ikaletwa. Nikamwambia, baba, atafika au hatafika mimi sijui, na anayekwambia anajua mwogope. Ninachojua ni kwamba hajapimwa. Mwaka mmoja wa kusukumwa na watu wazima hapa hapa Dar gharama yake ni nauli ya daladala na maziwa. Baada ya hapo ndiyo tuzungumze. Na chuo cha Marekani kinachomtaka mchezaji kweli humpa yeye ufadhili, hakitegemei kiwanja cha baba yake.

Baba mdogo alinyamaza muda mrefu. Nilidhani nimemvunjia ndoto. Akachukua simu akampigia yule bwana, akamwambia subiri mwaka. Sikusikia upande wa pili ulijibu nini, ila simu ilikatwa haraka.

Dogo ameshaenda mazoezini mara tatu. Amerudi na mdomo umevimba, anasema kuna mzee mmoja mfupi ana viwiko vya chuma. Kesho anarudi tena.

Haya wadau, nawasilisha. Mie naingia maktaba kabla viti havijajaa.