Shamba la Unguja, Sheria ya Nani?

Waandishi wengi wa historia ya karafuu huandika, kana kwamba jambo halina ubishi, kuwa rehani ya shamba Unguja ilitawaliwa na sharia ya Kiislamu, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya dola ya Sultani na hati iliandikwa kwa utaratibu wa kadhi. Ukizisoma hati za bei ya khiyari zilizobaki Zanzibar utadhani wamesema kweli. Mwenye shamba humuuzia mkopeshaji kwa bei iliyotajwa, akabakiza haki ya kulirudisha kabla ya muda kwisha. Kisha hulikodi yeye mwenyewe, na kodi hiyo ndiyo faida ya mkopeshaji, maana riba ni haramu. Hiyo ni fikihi tupu. Ila hati haijitekelezi, na wanaoishia kwenye hati hawajauliza shauri lilipelekwa kwa nani. Mkataba wa 1839 kati ya Uingereza na Sultani Seyyid Said ulimpa konsuli wa Uingereza mamlaka juu ya raia wa Kiingereza walioshtakiana wao kwa wao. Wahindi wawili waliohesabiwa raia wa Kiingereza wakigombea shamba moja waliloliwekeana rehani, mwamuzi hakuwa kadhi.

Ushahidi mzito zaidi ni watumwa. Thamani ya shamba ilikuwa mikarafuu pamoja na watu waliolazimishwa kuipalilia na kuichuma, na sharia iliwahesabu watu hao kuwa mali iwezayo kuuzwa au kuwekwa rehani. Sheria ya Kiingereza iliwakataza raia wake jambo hilo, na mwaka 1860 konsuli Rigby aliwaachia huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi. Ardhi ilikuwa ile ile na watu wale wale, lakini kilichokuwa dhamana halali kwa mdai Mwarabu kilikuwa kosa kwa mdai aliyehesabiwa Mwingereza. Ndiyo maana uraia wenyewe ukawa bidhaa ya kugombewa. Wafanyabiashara wa Kutch walishikilia kuwa wao ni raia wa Rao, mtawala wao huko India, si wa Malkia wa Uingereza, na baada ya Rigby kuondoka wengi walijiweka chini ya Sultani. Walielewa vizuri kuliko wanahistoria wetu ni wapi sheria ya rehani ilipokaa. Mlango huo wa kuchagua uraia ulianza kufungwa pale Rao wa Kutch alipotangaza, mwaka 1869, kuwa watu wake walioko Zanzibar wawe chini ya Waingereza. Mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani ukaukaza.

Atajibu mtu kuwa utumwa ni suala la pekee, ardhi ilibaki kwa kadhi. Sivyo. Katika bei ya khiyari muda ukipita shamba limekwenda. Jaji wa Kiingereza huuona mkopo nyuma ya mauzo, akampa mdaiwa nafasi ya kukomboa. Sheria ya India ya 1882 iliyatambua mauzo ya masharti kuwa aina ya rehani, na Zanzibar ikafuata mfano huo mwaka 1917.

Sheria ilimfuata mtu, si ardhi: hata amri ya Zanzibar ya 1934 ya kuzuia ardhi kuhama mikononi mwa wenyewe haikuuliza shamba liko wapi. Iliuliza kama anayeuza ni Mwarabu au Mwafrika, na anayenunua si mmoja wao.