Walimu, Wakazi na Bonde la Msimbazi: Elimu ya Mazingira Magomeni

Barabara ya Morogoro, ikitoka upande wa Kariakoo, hushuka Jangwani na kulikata Bonde la Msimbazi kabla ya kupanda tena Magomeni Mapipa, na katika mteremko huo mfupi ndimo ilimo sehemu kubwa ya historia ya mazingira ya Dar es Salaam. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na kuingia Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Salenda, ukiwa umepokea njiani maji ya vijito, maji machafu na taka za mitaa mingi. Magomeni, ambayo serikali ya kikoloni ya Waingereza iliipanga kuwa makazi ya Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilikaa juu ya ukingo wa bonde hilo, lakini mitaa yake ya chini, kama Suna, iliteremka hadi mahali ambapo mto hudai nafasi yake kila mvua kubwa inaponyesha.

Elimu ya mazingira, yaani elimu inayompa mtu maarifa, mwelekeo na stadi za kuyatunza mazingira anamoishi, ilikuwapo mjini muda mrefu kabla ya kupewa jina hilo. Enzi za ukoloni ilimjia mkazi kwa sura ya bwana afya, mkaguzi wa usafi aliyechungulia mitungi na makopo akitafuta viluwiluwi vya mbu, na ambaye nyuma yake ilisimama sheria yenye faini. Ilikuwa elimu ya amri, na mkazi aliyefundishwa kwa amri hujifunza kwanza namna ya kumkwepa mkaguzi.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya uhuru. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye nyumba aliyowahi kuishi Magomeni katika miaka ya harakati za chama cha TANU za kudai uhuru leo ni makumbusho, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliozitaka shule ziwe na mashamba na miradi ya kazi, ili mwanafunzi asitenganishwe na maisha ya jamii yake. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo haina budi kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyowakutanisha walimu na wananchi nchini kwa upana usiowahi kuonekana kabla yake. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakakubaliana kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na hawakutakiwa kuhutubia bali kuongoza mazungumzo. Mwaka 1980 mtindo huohuo ulitumika katika kampeni ya Misitu ni Mali, iliyohimiza upandaji na utunzaji wa miti.

Hata hivyo, somo lililofaa kijijini halikutosha bondeni. Choo cha shimo ni kinga ya afya pale ambapo ardhi ni kavu, lakini katika mitaa ya chini, ambako maji ya ardhini yako karibu, shimo hujaa upesi, na wenye nyumba wengi katika maeneo ya namna hiyo jijini wamezoea kutapisha choo, yaani kutoboa shimo wakati wa mvua ili mafuriko yaondoke na uchafu. Anayefanya hivyo anajua vema kwamba kinyesi ni hatari. Anachokosa ni njia nyingine anayoimudu. Kampeni yoyote iliyomfundisha hatari peke yake ilimwambia jambo alilolijua tayari.

Mkutano wa kimataifa wa Tbilisi wa mwaka 1977 ulisisitiza kwamba elimu ya mazingira iwafikie watu wa rika zote, ndani na nje ya shule. Nchini Tanzania, klabu za Malihai, zinazowafundisha wanafunzi uhifadhi wa wanyamapori, zilianza mwaka 1980, na mwaka 1991 Jane Goodall aliasisi mpango wa vijana wa Roots & Shoots jijini Dar es Salaam akiwa na wanafunzi 12 wa sekondari. Klabu za aina hii zimewapa walimu nafasi adimu ya kufundisha nje ya kuta za darasa. Pamoja na sifa hiyo, mtoto wa Magomeni bado aliweza kumjua tembo wa hifadhini vizuri kuliko mfereji unaopita nyuma ya shule yake.

Wakazi nao walikuwa wakijifunza kwa njia zao. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda Mahakama Kuu, na kesi hiyo ikawaonyesha wananchi kwamba hewa safi ni haki inayodaiwa. Huko Hananasif, kuanzia mwaka 1994 wakazi walishiriki kwa kazi na michango kujenga mitaro na barabara za mtaa wao. Aliyejenga mtaro kwa mikono yake alielewa maji yanakokwenda bila kuhitaji mchoro wa ubaoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliupa ushiriki huo wa wakazi msingi wa kisheria kwa kuweka kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa.

Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kusababisha familia nyingi kuhamishiwa Mabwepande, yaliingiza somo la bonde katika kila nyumba. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata za mabondeni katika kuchora ramani za mitaro, vichochoro na mahali maji yanapofika, na hapo mzee wa mtaa anayekumbuka kina cha mafuriko ya zamani akawa mwalimu wa kijana mwenye kifaa cha kupimia. Ramani hizo ziko wazi kwa mtu yeyote. Mwalimu wa jiografia wa Magomeni anaweza kuzitumia kufundisha mteremko, mkondo na mkusanyiko wa maji kwa mifano ambayo wanafunzi wake huikanyaga kila siku.