Mboni za Macho, Mtaji na Usalama wa Taifa: Mafundisho Jamii ya Kanisa Yanasemaje?

Mwanzoni mwa mwezi Agosti 2023, maelfu ya watu, wengi wao vijana, walipanga foleni katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta (KICC) jijini Nairobi. Walisubiri zamu ya kutazama ndani ya kifaa chenye umbo la tufe kilichopiga picha za mboni za macho yao. Aliyekubali aliahidiwa sarafu 25 za kidijitali za mradi uitwao Worldcoin, ambazo siku hizo zilikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Tarehe 2 Agosti Serikali ilisimamisha zoezi hilo, ikitaja usalama wa umma na ulinzi wa taarifa za raia.

Kwa mtazamo wa haraka, lile lilikuwa jambo la siku chache. Kwa undani wake, lilikusanya mahali pamoja mambo matatu yanayozidi kugusa maisha ya mataifa: mtaji wa watu binafsi, teknolojia mpya na usalama wa taifa. Makala hii inakusudia kuwasaidia waamini kuyaelewa mambo hayo na kuyapima kwa mwanga wa Mafundisho Jamii ya Kanisa.

Maana ya maneno matatu

Uwekezaji binafsi ni fedha ambazo mtu, kampuni au mfuko usio wa serikali huweka katika shughuli fulani kwa matumaini ya kupata faida. Katika teknolojia, fedha hizo mara nyingi huwekwa katika kampuni changa. Mwekezaji anajua kwamba nyingi zitakufa, lakini anatumaini kwamba moja au mbili zitakua na kufidia hasara yote. Kwa sababu hiyo kampuni changa husukumwa kukua upesi, na upesi huo hauendi daima pamoja na subira inayodaiwa na sheria na maadili.

Teknolojia ibuka ni zile ambazo bado zinakua na ambazo madhara yake hayajajulikana yote: akili unde, setilaiti ndogo, ndege zisizo na rubani, sarafu za kidijitali, na mifumo ya kumtambua mtu kwa alama za mwili wake kama vile vidole, uso au mboni.

Usalama wa taifa zamani ulieleweka hasa kuwa ulinzi wa mipaka na kazi ya majeshi. Leo unahusu pia mitambo ya umeme, mitandao ya simu, mifumo ya fedha na kumbukumbu za raia. Neno la siri la simu likiibwa, mwenyewe hulibadilisha siku hiyo hiyo. Alama ya mboni ikiibwa, hana jicho jingine la kuweka mahali pake. Taifa ambalo alama za mwili za watu wake zimetawanyika mikononi mwa wasiojulikana limepata udhaifu utakaodumu kizazi kizima.

Mambo haya yalikutanaje?

Katika karne ya 20, serikali za mataifa makubwa ndizo zilizogharamia sehemu kubwa ya uvumbuzi wa kiulinzi. Marekani iliunda wakala wa utafiti wa kijeshi, ARPA, mwaka 1958, na kutoka huko ulizaliwa mwaka 1969 mtandao wa kompyuta uliotangulia intaneti ya leo.

Baadaye mkondo uligeuka. Kampuni binafsi zilianza kuwa na fedha na wataalamu kuliko ofisi nyingi za serikali, na serikali zikaanza kubisha hodi kwao. Mwaka 1999, Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, lilisaidia kuanzisha In-Q-Tel, taasisi isiyogawa faida ambayo kazi yake ni kuwekeza katika kampuni changa zenye teknolojia inayohitajika kiusalama. Mwaka 2003 iliwekeza katika kampuni ndogo ya ramani za setilaiti iliyoitwa Keyhole. Mwaka 2004 Google iliinunua kampuni hiyo, na mwaka 2005 kazi yake ikatolewa kwa umma kwa jina la Google Earth. Leo mkulima anaweza kutazama shamba lake kutoka angani kwa simu ya mkononi, na hilo ni jema. Ni vema pia ajue kwamba chombo hicho kilikua kwa fedha zilizokuwa na jicho la kijasusi. Teknolojia moja huweza kuwa na matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi.

Mwaka 2017 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilianzisha mradi ulioitwa Maven, wa kutumia akili unde kuchambua picha zinazopigwa na ndege zisizo na rubani. Mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa Google walitia saini barua ya kupinga kampuni yao kushiriki. Kampuni ilitangaza kwamba haitaongeza mkataba huo, na mwezi Juni mwaka huo ikaahidi kutotengeneza akili unde kwa ajili ya silaha. Mwezi Februari 2025 ahadi hiyo iliondolewa katika kanuni zake. Wafanyakazi wale walionyesha kwamba dhamiri ya mtu mmoja mmoja inaweza kugeuza uamuzi wa kampuni kubwa. Miaka iliyofuata imeonyesha kwamba ahadi ya kampuni, isipolindwa na sheria, inaweza kufutwa na kampuni hiyo hiyo.

Kisa cha Kenya

Mradi wa Worldcoin uliasisiwa na watu waliomo pia katika tasnia ya akili unde, akiwemo Sam Altman, na uliendeshwa na kampuni iitwayo Tools for Humanity. Mwezi Mei 2023 kampuni hiyo ilitangaza kupata dola milioni 115 kutoka kwa wawekezaji binafsi, na mwezi Julai sarafu yake ikazinduliwa rasmi. Lengo lililotajwa ni kumpa kila mwanadamu uthibitisho kwamba ni mtu halisi, wakati ambapo mashine zinazidi kuiga sauti na maandishi ya binadamu. Kampuni ilieleza kwamba picha za mboni hufutwa baada ya kugeuzwa kuwa msimbo, isipokuwa mhusika akikubali zihifadhiwe.

Lengo hilo si baya kwa asili yake. Maswali yalizuka juu ya njia. Kwa nini fedha zilitolewa mbele ya macho ya watu ambao wengi wao hawakuwa na kazi? Je, aliyesimama kwenye foleni alielezwa kwa lugha anayoielewa taarifa zake zinakwenda wapi? Bunge la Kitaifa liliunda kamati maalumu iliyochunguza suala hilo, na mwezi Septemba 2023 ikapendekeza shughuli hizo zikomeshwe. Zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wamekwisha kujiandikisha. Hofu hiyo haikuwa ya Waafrika peke yao: mwezi Machi 2024, mamlaka za ulinzi wa taarifa za Hispania na Ureno nazo zilisimamisha kwa muda ukusanyaji huo.

Tarehe 5 Mei 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba taarifa hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya kutosha ya athari haikufanyika na ridhaa ilipatikana kwa kishawishi cha fedha. Iliamuru zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Haki inatudai tukumbuke pia upande wa pili. Mwezi Oktoba 2021, Mahakama Kuu hiyo hiyo iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma Namba, mpango wa Serikali yenyewe, haukufuata sheria, kwa sababu tathmini ya athari haikufanyika kwanza. Kipimo kilikuwa kimoja kwa tajiri wa ng'ambo na kwa dola. Raia anahitaji kulindwa dhidi ya mwekezaji asiyejali, na anahitaji vilevile kulindwa dhidi ya serikali inayoweza kutumia jina la usalama ili kumchungulia.

Mwanga wa Mafundisho ya Kanisa

Msingi wa kwanza ni heshima ya mtu. Mwanadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, na mwili wake si ganda linalobeba taarifa, bali ni sehemu ya nafsi yake mwenyewe. Hati Antiqua et nova, iliyotolewa tarehe 28 Januari 2025 na Mabaraza mawili ya Kipapa, la Mafundisho ya Imani na la Utamaduni na Elimu, inaonya juu ya hatari ya kumfanya mtu kuwa rundo la data, na inatetea faragha kama sehemu ya heshima na uhuru wake.

Msingi wa pili ni mafao ya wengi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati Gaudium et spes ya mwaka 1965, unayaeleza kuwa ni jumla ya hali za maisha ya jamii zinazowawezesha watu na makundi kufikia utimilifu wao. Mamlaka halali ina wajibu wa kuyalinda, na usalama ni sehemu yake. Lakini usalama unaovunja haki za wale unaodai kuwalinda umepoteza sababu ya kuwepo kwake.

Msingi wa tatu unahusu mtaji. Kanisa halilaani faida. Katika Waraka Centesimus annus wa mwaka 1991, Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikubali nafasi halali ya faida katika biashara, lakini alifundisha kwamba uamuzi wa kuwekeza mahali hapa na si pale ni daima uamuzi wa kimaadili na kiutamaduni. Anayeweka fedha anachagua aina ya dunia atakayosaidia kuijenga.

Msingi wa nne ni kanuni ya auni pamoja na mshikamano. Mambo yanayoweza kuamuliwa na familia, jumuiya au taifa yasinyakuliwe na walio mbali na wenye nguvu zaidi. Kampuni inapoweka kumbukumbu za watu wa nchi kadhaa katika mitambo ambayo nchi hizo haziwezi kuikagua, kanuni hiyo inajeruhiwa.

Kuhusu vita, Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa wazi. Mada ya ujumbe wake kwa Siku ya Amani Duniani, tarehe 1 Januari 2024, ilikuwa akili unde na amani. Tarehe 14 Juni 2024, mbele ya viongozi wa kundi la G7 huko Puglia, Italia, alisisitiza kwamba mashine kamwe isiachiwe uamuzi wa kuondoa uhai wa mtu. Naye Papa Leo XIV, siku mbili baada ya kuchaguliwa mwezi Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyetetea wafanyakazi kwa Waraka Rerum novarum wa mwaka 1891, kwa kuwa leo Kanisa linakabili mapinduzi mengine ya viwanda, yakiwemo ya akili unde.

"Jicho ni langu"

Wapo wanaosema: "Padre, jicho ni langu, na watoto wangu wanataka kula leo." Hoja hii isidharauliwe. Aliyeshiba asimhukumu kwa wepesi mwenye njaa. Mapokeo ya maadili ya Kanisa yanafundisha kwamba hofu, ujinga usio wa kujitakia na shinikizo la hali hupunguza uhuru wa tendo, na hivyo hupunguza lawama ya mtendaji. Kijana aliyesimama kwenye foleni ile hana sababu ya kujiona ametenda dhambi kubwa.

Mzigo wa lawama unamwelekea zaidi anayejua kwamba mwenzake ana njaa na kuifanya njaa hiyo kuwa njia ya kupata ridhaa. Esau aliporudi kutoka nyikani akiwa amechoka, aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Twazoea kumlaumu Esau, lakini tusimsahau ndugu aliyeshika sufuria, akijua thamani ya kile alichokuwa akikinunua. Jamii inayoacha vijana wake wafike mahali pa kubadilishana alama za miili yao na fedha za matumizi ya wiki chache ina deni la kutubu. Ajira ya kijana nayo ni ulinzi wa taifa.

Wajibu wetu

Kwanza, tuulize kabla ya kutoa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujulishwa matumizi ya taarifa zake, kuziona, kuzisahihisha na, katika hali zilizotajwa na sheria, kudai zifutwe. Anayedhulumiwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wazazi wawe macho zaidi kwa ajili ya watoto.

Pili, walio katika vyama vya akiba na mikopo na katika mifuko ya pensheni wawe na desturi ya kuuliza fedha zao zinajenga nini. Hati Mensuram bonam, iliyotolewa mwaka 2022 na Taasisi ya Kipapa ya Sayansi Jamii, inawapa wawekezaji Wakatoliki vigezo vya kupima hilo. Swali la mjumbe mmoja katika mkutano mkuu wa mwaka linaweza kuandikwa katika kumbukumbu na kudai jibu.

Tatu, vijana wetu wanaosomea kompyuta na uhandisi wakumbuke kwamba utaalamu ni wito. Kukataa kushiriki kazi inayodhulumu ni ushuhuda wa imani, hata kama hakuna atakayeuandika gazetini.

Nne, tuanze nyumbani mwetu. Parokia zinatunza vitabu vya ubatizo na ndoa, orodha za zaka, namba za simu za Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na picha za watoto wa Komunyo ya Kwanza. Taarifa hizo tumekabidhiwa kwa kuaminiwa. Orodha ya wasiotoa zaka isisambazwe katika kundi la simu, wala picha ya mgonjwa isitumwe bila idhini yake. Hatutakuwa na uso wa kuyaambia makampuni na serikali yaheshimu watu ikiwa sisi wenyewe tunachezea siri zao.