Kutarizi upya kitambaa cha mwaka 1598

Jane Bostocke alitarizi jina lake na mwaka 1598 kwenye kipande cha kitani. Kwa hatua hiyo ndogo, kazi yake ndiyo inayojulikana leo kuwa kitambaa cha mifano ya tarizi cha Uingereza chenye tarehe ya zamani kuliko vyote. Kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Maneno yaliyomo yanatangaza kuzaliwa kwa mtoto Alice Lee alasiri ya Jumanne, Novemba 23, 1596.

Vitambaa vya aina hii vilikuwa kumbukumbu ya kazi: mtarizi aliweka humo mishono na nakshi ili azirejee baadaye. Jane alitumia hariri, nyuzi za metali na lulu ndogo.

Anayetengeneza nakala huhesabu nyuzi za kitani moja moja ili kila mshono ukae mahali pake. Ugumu mkubwa ni rangi. Mwanga hufifisha hariri, ilhali upande wa nyuma mara nyingi hubaki na rangi za awali. Nakala inayofuata upande huo wa nyuma ndiyo bora, kwa sababu inaonyesha kile alichokiona mtarizi mwenyewe.

Tazama pia kilichofumuliwa katika kitambaa cha Jane: tembo mwenye ngome mgongoni aliondolewa, lakini alama zake bado zipo.

Ukitarizi nakala, andika mwaka wako pamoja na wa Jane, wajao wasiichanganye na ya asili.